Lita Thelathini na Nne

Calist ni dereva wa pikapu ya tajiri mmoja wa alizeti wa Singida mjini. Ni mtu wa Mtinko, mwembamba, amepita miaka hamsini, na ukipishana naye sokoni hutamkumbuka. Nasimulia habari zake kwa sababu kwa miezi mitano jina lake na langu yalitajwa pamoja kwa wizi wa petroli. Yeye alisafishwa. Mimi nitaeleza.

Alizaliwa kwa watu wa uwele na mbuzi. Alisoma mpaka darasa la saba, akachunga, akaondoka nyumbani na kuwa utingo wa lori la vitunguu. Miaka sita alilala juu ya magunia ya watu. Leseni aliipata akiwa na mke tayari, Anastasia, ambaye yuko Mtinko hadi leo na watoto wanne. Tangu hapo ameendesha magari ya wengine. Hajawahi kuwa na la kwake, wala sijamsikia akilitamani.

Nilimjua kwa tabia zake. Mimi nauza mafuta ya alizeti Shelui, kando ya barabara kuu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Madereva wote wanaopita hapo nimewaona. Wengi hushuka wakipiga kelele, wanataka chai, wanataka nyama, wanataka kusifiwa. Calist alikuwa akiegesha, anaacha injini ikinguruma taratibu kama dakika mbili, ndipo anazima. Siku moja nilimuuliza anasubiri nini.

"Napumzisha turbo, Mama Janeth. Ukiizima ikiwa ya moto unaiua."

"Na petroli inayoungua hapo?"

"Ni ya tajiri. Na turbo ni ya tajiri. Bora apoteze kidogo kuliko kikubwa."

Baada ya kuzima alizunguka gari, akagusa matairi yote manne kwa kiganja, ndipo akaja kunywa chai. Kila safari ilikuwa hivyo. Hakuongea sana. Nilikaa naye miaka minne kwa mazungumzo ambayo ukiyakusanya hayafiki ya nusu siku.

Tajiri wake anaitwa Luqmani. Ana mashine ya kukamulia alizeti mjini. Kabla ya hapo alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, nyeupe, imechoka, lakini ilikwenda. Halafu akauza alizeti vizuri misimu miwili mfululizo, akashuka Dar es Salaam, akarudi na pikapu nyeusi ya petroli yenye injini kubwa, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya kukimbia jangwani. Watu wa Shelui waliiita Nyati. Aliyemuuzia alimwambia lita moja inakwenda kilometa tisa. Luqmani akaishika hiyo tisa kama mtu aliyeapishwa.

Juu ya hapo akaivalisha. Akaiwekea matairi mapana yenye meno makubwa, bomba la chuma mbele, na keria yenye taa sita juu ya paa. Kwa hiyo gari lililouzwa kwa hesabu ya kilometa tisa halikuwa tena lile gari. Hakuna aliyemwambia. Calist aliona, na Calist si msemaji.

Kutoka Singida mjini hadi Shelui ni kilometa mia moja na kumi hivi. Ukija kwetu unashuka. Unatoka kule juu kwenye baridi na mawe, unafika mlima Sekenke, unaporomoka kwa kona, na chini yake ndipo penye joto letu. Ukirudi unapanda yote uliyoyashuka. Mtu yeyote aliyewahi kubeba ndoo kichwani anajua tofauti yake, hata asiyeijua herufi moja. Mimi shule sikupelekwa. Kwetu Ulemo waliopelekwa ni kaka zangu, mimi nikabaki na ndama. Lakini nimeketi chini ya mlima huo miaka kumi na tisa nikisikiliza injini zikiupanda.

Pikapu ilikuwa ikija tupu na kurudi na magunia kumi ya alizeti. Kwenye karatasi ya Luqmani yameandikwa magunia kumi. Lakini yalikuwa lumbesa. Mnunuzi analeta gunia lake, mkulima analijaza hadi mdomoni, halafu mnunuzi anataka liongezwe kilemba, linashonewa kipande cha wavu juu, na bado linahesabiwa gunia moja. Serikali imekataza. Wanunuzi wanafanya, na wakulima wanakubali kwa sababu mwenye gari ni mnunuzi. Kwa hiyo yale kumi yalikuwa na uzito wa kumi na tatu, pengine kumi na nne.

Luqmani alipiga hesabu yake. Kwenda na kurudi kilometa mia mbili na ishirini, gawanya kwa tisa, haizidi lita ishirini na tano. Kituo cha mafuta kilipomletea orodha ya mwezi, kila safari ya Shelui ilikuwa imekula lita thelathini na nne. Haikuwa thelathini na tatu wala thelathini na tano, kwa sababu Calist aliendesha vilevile kila siku. Badala ya huo usawa kumtetea, ndio uliomponza. Luqmani alisema mwizi huyu ana adabu, anachota kipimo kilekile.

Hakumfukuza siku hiyo. Kwanza alichukua gari mwenyewe, akashuka nalo mpaka Shelui, akatazama kioo cha dashibodi. Kioo kinaonyesha petroli iliyotumika. Kiliandika lita kumi na mbili. Akazidisha mara mbili, akapata ishirini na nne, akaridhika. Akalala kwa ndugu yake Nzega, akarudi baada ya siku tatu za mizunguko mingine, na safari ya kupanda hakuipima. Aliona hakuna haja. Aliamini barabara ni ileile moja.

Kwa hiyo zilibaki lita kumi zisizo na mahali. Nusu dumu. Na ni nani Shelui ambaye Calist hukaa mezani kwake, na mwenye madumu?

Walikuja Jumatano, siku ya mnada, saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejaa. Walikuwa mwenyekiti wa kijiji, mgambo wawili na Luqmani mwenyewe amevaa kanzu safi. Mwenyekiti aliniamkia vizuri, kisha akaniambia nisogee.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Tunatazama tu, mama. Kama huna kitu huna wasiwasi."

Nilikuwa na madumu kumi na moja. Walifungua moja moja. Mgambo alikuwa anaingiza kidole, ananusa, anajipangusia kwenye suruali, anaingia la pili. Kidole kilekile. Mafuta niliyoyachuja kwa kitambaa mara mbili. Kumi yalikuwa alizeti. La kumi na moja, la kijani, lilikuwa tupu, nalo lilinuka petroli.

Dumu hilo nililinunua kwa dereva wa lori, kama madumu yote yanavyonunuliwa Shelui. Lilipokataa kuisha harufu nikaliacha kuwa la maji ya kukandikia nyumba. Nililisema hilo. Lilikuwa na udongo mkavu ndani, wangeweza kuutikisa wakausikia. Mgambo aliliinua juu watu walione.

"Hili hapa!"

Basi. Watu walifurahi kama wamechinjiwa.

Hawakunipeleka polisi, kwa sababu dumu tupu si ushahidi. Waliniacha pale na madumu yaliyo wazi, inzi wanaingia. Calist, aliyekuwa amelileta gari, alinyang'anywa funguo siku hiyohiyo. Aliondoka Shelui kwa kudandia lori, hakupita kwangu. Luqmani alimtangaza kwa matajiri wenzake wote wa mjini, na dereva aliyetangazwa hivyo hapewi hata trekta. Akarudi Mtinko kuchunga mbuzi wa baba mkwe wake. Kwa umri ule.

Mimi nilibaki mezani. Mafuta ya kula yakishasemwa kuwa yana petroli, yameisha. Dorkas, ambaye meza yake iko hatua nne kutoka yangu, aliuza mpaka akaongeza meza ya pili. Alikuwa akinitania wateja wakisikia.

"Mama Janeth, leo una ya kupikia au ya pikipiki?"

"Nina ya kukuunguza mdomo."

"Basi nipimie lita. Pikipiki ya shemeji yako imekauka."

Walikuwa wanacheka. Nilikuwa nafunga saa tisa, narudi nyumbani na nilichokuja nacho.

Luqmani hakutaka tena dereva wa nje. Gari alimpa mpwa wake Mrisho, mtu mzima, damu yake mwenyewe. Mrisho alilipenda gari lile. Akishuka Sekenke tulimsikia kabla hatujamwona, na akipanda alikuwa anayapita malori kwenye kona. Mwezi wa nne wa kazi yake alikaa kwenye benchi la Dorkas, akalalamika kwa sauti.

"Mjomba ananiuliza petroli kila siku kama polisi. Gari linakunywa! Nifanye nini? Lita thelathini na tisa jana."

Nilikuwa hatua nne. Niliweka chini kitambaa changu.

"Umesema ngapi, baba?"

"Thelathini na tisa, mama."

"Na mjomba wako alikwambia umeiba?"

Akanitazama, akakumbuka mimi ni nani. Alikunywa chai yake iliyobaki akaondoka.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Singida. Mashine ya Luqmani iko barabara ya nyuma ya soko, nilipaona kwa rundo la mashudu. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni yule wa Shelui."

"Ndiye. Mrisho anatumia thelathini na tisa. Anazichota wapi na anampelekea nani?"

 Wafanyakazi wa mashine waliacha kusukuma magunia.

"Mrisho ni kijana, anakimbiza gari," akasema.

"Basi endesha wewe. Jaza mpaka mdomoni, twende Shelui, pakia kama unavyopakia siku zote, rudi, jaza tena mpaka mdomoni. Itakayoingia ndiyo iliyoliwa. Usitazame kioo. Mimi nitakuwa ndani nione hakuna anayechota, na Calist awepo."

"Nilishapima, mama."

"Ulipima mteremko."

Mmoja wa wasukuma magunia alicheka, akajifanya anakohoa. Nadhani hicho kicheko ndicho kilichomfanya Luqmani akubali. Mtu mzito hapendi kuachwa na kicheko cha mbeba mizigo uani kwake.

Calist alipigiwa simu, akaja siku ya tatu na shati lililopigwa pasi. Alinisalimu, akasema Anastasia ananisalimia, hakusema lingine. Kituoni, mjaza mafuta alipotaka kusimamisha pampu ilipojikata, Calist alimwomba atikise gari upepo utoke, aongeze mpaka petroli ionekane mdomoni. Luqmani alitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuona tangi lake likijazwa kweli.

Tulishuka. Luqmani usukanini, Calist pembeni yake, mimi nyuma. Gari ni zuri, sitasema uongo. Viti vinakushika mgongo. Tulipofika Shelui kioo kiliandika kumi na mbili, na Luqmani akanigeuzia kichwa.

"Unaona, mama? Kumi na mbili. Mbili mara kumi na mbili?"

"Pakia, mzee."

Walipakia magunia kumi. Nilisimama pale nikayahesabu, yote na vilemba vyake. Spring za nyuma zilikaa chini kabisa. Kulikuwa na mzani wa mkulima mmoja jirani, nikasema tupime gunia moja tu kabla halijapanda. Luqmani alisema mzani hauhusiani na petroli. Calist alikuwa anagusa matairi. Nilisema tena, kwa sauti ya mnadani.

"Gari linabeba kilo, mzee, halibebi karatasi. Zile kilo unazowazidishia wakulima zinapanda mlima kwa petroli yako."

Wakulima waliokuwepo walisikia. Gunia halikupimwa.

Kwenye Sekenke gari lilibadilika. Lilishuka gia lenyewe, likashuka tena, likalia. Mbele yetu kulikuwa na lori la saruji linatambaa. Calist angelifuata hadi juu, najua, nimemsikia akifanya hivyo miaka minne. Luqmani alivumilia kona mbili. Kwenye ya tatu akakanyaga. Gari liliruka kama limepigwa, tukalipita lori, na ile namba ya kwenye kioo niliiona inavyopanda, kumi na saba, kumi na nane, kama mita ya maji iliyoharibika.

"Lina nguvu," Luqmani akasema. Alisahau tulikuwa tunafanya nini.

Calist alisema, "Zinanunuliwa, bosi." Hilo ndilo neno pekee alilomwambia njia nzima.

Tulirudi kituoni kama saa kumi. Kioo kiliandika thelathini na moja, na Luqmani akaanza kusema kwamba hata hivyo si thelathini na nne. Nilimkumbusha kioo hakiuzi petroli. Mjaza mafuta akachomeka mpira. Ilifika ishirini na tano, ikapita. Ilifika thelathini na moja, ikapita. Ilijikata kwenye thelathini na tatu. Calist akamwomba atikise gari, aongeze taratibu, mpaka petroli ikaonekana mdomoni kama asubuhi.

Thelathini na sita.

Nilisubiri kidogo ili waliokuwepo wasome wenyewe. Walikuwa mjaza mafuta, dereva wa bodaboda, na wazee wawili waliokuja kununua mafuta ya taa.

"Calist alikuwa anatumia thelathini na nne," nikasema. "Kwa hesabu yako mzee, leo umeiba kumi na moja, na umemzidi hata huyo mwizi wako kwa mbili. Umenipelekea mimi? Nilikuwa nyuma, sikuziona."

Wazee walicheka mpaka mmoja akashika pampu. Luqmani naye alicheka, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Alitoa funguo mfukoni akaziweka kwenye kiganja cha Calist, mbele ya wote.

"Basi, dereva. Shetani alipita katikati yetu. Kesho saa kumi na mbili."

"Sawa, bosi," Calist akasema.  Akaenda kuzunguka gari.

Nikamuuliza Luqmani, "Na mimi?"

"Wewe hukufukuzwa kazi, mama."

"Ulikuja kwangu siku ya mnada na mgambo. Njoo siku ya mnada na mwenyekiti, useme ulichokikuta hapa."

"Nitampigia simu mwenyekiti."

Nilimtazama Calist. Alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, upande wa mbali. Alikuwa anasikia, pale pampuni hapana umbali. Angeweza kusema, bosi, na mama huyu pia. Maneno matano. Alikaa kwenye lile gurudumu mpaka nilipoondoka kutafuta basi.

Simu haikupigwa, au ilipigwa mwenyekiti akanyamaza. Kwangu ni kitu kimoja. Luqmani aliyatoa yale matairi ya meno na keria, akarudisha matairi ya kawaida. Lumbesa bado ananunua. Nasikia safari sasa inakula thelathini na moja, na anawaelekeza wenzake mjini jinsi ya kupima gari, tangi mpaka mdomoni, kama aliyevumbua yeye.

Mimi niliacha madumu. Nauza kwa chupa za maji zinazoonyesha ndani ili mtu aone rangi. Na kabla mteja hajalipa namimina kwenye kifuniko, nakunywa mbele yake. Ndivyo watu walivyorudi, mmoja mmoja. Siku ya mnada nakunywa vifuniko thelathini. Nimenenepa, na tumbo linaniuma jioni.

Calist sikumwona miezi miwili, alikuwa akipakia upande wa pili wa Shelui. Kisha Jumatano moja akaja kwa miguu, gari ameliacha mbali. Alisimama mbele ya meza yangu. Dorkas aliacha kupima alichokuwa anapima.

"Mama Janeth. Naomba chupa mbili."

Nilizitoa. Nikamimina kwenye kifuniko.

"Usinywe, mama," akasema. "Mimi najua."

"Ungejua pale kituoni."

 Ana watoto wanne, bosi mmoja, na umri ambao hakuna atakayempa gari lingine. Yote hayo nayafahamu. Calist si mwizi, nitalisema popote nitakapoulizwa. Nikiulizwa kama ni jasiri, nitasema ukweli pia.

"Wanatazama," nikamwambia, nikanywa kifuniko changu, nikapokea hela yake, nikampa chupa zake.

Akarudi kwenye gari. Baada ya kama robo saa niliisikia ile injini ikiingia Sekenke, nyuma ya lori, taratibu, bila kulipita. Dorkas alikuwa bado ananiangalia.

"Nipimie na mimi moja," akasema. "Ya kupikia."

Nikamimina kwenye kifuniko.